Maisha Niliyombunia Gwen

Chepkoech mwanangu,

Mmeenda Kapkatet na baba yako kuchukua koti kwa fundi, na kwa jinsi ninavyomjua baba yako, atasimama kuaga watu njia nzima kana kwamba ni yeye anayesafiri. Kwa hiyo nina alasiri hii. Jioni nyumba itajaa watu wa kanisa, wataimba na kukuombea na kula, na mimi na wewe hatutapata nafasi ya kukaa. Kesho wakati kama huu utakuwa Nairobi, uwanja wa ndege.

Sitakuambia habari za sweta, wala dawa, wala pasipoti uiweke mfuko gani. Hayo baba yako ameyasema mpaka umeanza kumjibu kabla hajamaliza sentensi. Nataka kujibu swali lako la jana.

Mlikuwa jikoni, wewe na rafiki yako Mercy na binamu yako Kiprono, mnamenya viazi na kushindanisha vyuo vikuu. Kiprono anasifu chuo chake cha mjini, kwamba pamoja na migomo na kufungwa kila mara, hakuna mahali pengine mtalala wengi katika chumba cha watu wawili na bado mkacheka hadi asubuhi. Mercy anatetea kile chuo kipya cha kanisa kilichompa nafasi. Huko maji hayakatiki, wala hakuna mtu wa kukimbizana na polisi, ingawa mvulana akionekana karibu na hosteli ya wasichana mzazi anaitwa. Na wewe ulikuwa umeshika kijitabu chako cha Amerika chenye picha za vijana wamelala kwenye nyasi, vitabu vimewafunika tumbo. Ukaniita. "Mama, si wewe ulisoma hapa na ukasoma Uingereza? Wapi kulikuwa na raha zaidi?"

Nikasema viazi vitaungua. Viazi vilikuwa bado kwenye karai.

Umeniuliza hivyo tangu ukiwa mtoto wa shule ya msingi, na kila mara nimepata kitu cha kuungua. Leo sina.

Nakuandikia Kiswahili, ingawa tukiwa wawili tunaongea Kipsigis. Kwa Kipsigis nitalia kabla sijafika popote. Na Kiingereza ndicho nilichotumia kusema uongo ninaotaka kukueleza. Kiswahili ndicho ninachofundisha. Nimezoea kukiandika nikiwa nimesimama wima.

Nilianzia chuo cha mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilifika na sanduku la mbao la babu yako, na nikapangiwa chumba kimoja na Wairimu. Baba yake alikuwa na duka pale Kedowa, kwa hiyo tulikuwa kama majirani, ingawa nyumbani tusingekutana. Mimi ni mtoto wa majani chai na ng'ombe watatu, yeye ni mtoto wa duka lenye taa. Alikuwa na sauti kubwa na mwili mkubwa, na alipocheka, wasichana wa chumba cha tatu walikuja kuuliza kuna nini.

Mlango wetu ulikuwa na kitasa kibovu na hakuna aliyeona haja ya kukitengeneza. Watu waliingia tu. Mmoja anataka kitana, mwingine chumvi, mwingine hataki kitu, amechoka kukaa kwake. Wangeketi juu ya kitanda changu nikiwa nimelala na kuendelea na hadithi juu ya miguu yangu. Jumamosi meza za bwalo zilisukumwa ukutani, santuri ikawekwa, na mimi niliyelelewa katika kanisa lililoona dansi kuwa dhambi nilifundishwa na Wairimu kucheza. Alinishika kiuno mbele ya watu akaniambia, "Wacha kuhesabu, Chelang'at. Hii si hesabu." Tulirudi chumbani viatu mkononi, watu sita au saba, tukajipanga juu ya vitanda viwili, na Wairimu akaanza kumwigiza kila mvulana aliyecheza vibaya.

Usidhani nasifia tu. Wavulana walijipanga kwenye roshani kutoa maoni juu ya mwendo wa kila msichana anayekwenda kula, na kuna wasichana waliokosa chakula cha mchana mwaka mzima kwa sababu hiyo. Siku polisi walipoingia, tulitolewa nje na vitanda vyetu vikabaki jinsi vilivyokuwa, chuo kikafungwa, na nikakaa nyumbani nikiripoti kwa chifu kama mhalifu. Na hakukuwa na mahali pa kulia. Nilijaribu mara moja bafuni, nikafungulia bomba ili nisisikike. Mtu akagonga. "Nani huyo? Unalia nini?" Nikamwambia silii. Akagonga tena. "Fungua, nimeleta sabuni." Nilimchukia sana. Hata sikumjua jina.

Halafu nikapata skolashipu ya mwaka mmoja katika chuo cha zamani sana kule Uingereza. Sitakitaja jina. Majengo yake ni ya mawe, nyasi haikanyagwi ila na walimu, na chakula cha jioni huliwa kwa mshumaa, wote wamevaa majoho. Nyumbani walinichinjia. Mchungaji alisema kwenye mimbari kwamba binti wa Bureti anakwenda kula meza moja na wakubwa.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya pili, peke yangu, kikubwa kuliko nyumba ya Kogo, bibi yangu. Kilikuwa na milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, wa ndani mwepesi na wa nje mzito wa mbao nyeusi. Nilifika Oktoba na baridi ilikuwa inapita chini ya mlango kama maji. Nikafunga yote miwili. Nani asingefunga?

Hakuna mtu aliyekuja. Siku ya kwanza nilidhani wamechoka na safari kama mimi. Baada ya hapo nilidhani wana ndugu na marafiki wa zamani. Baadaye nikaacha kuwatafutia sababu. Nilisikia miguu ikipanda ngazi, vicheko, mlango wa jirani ukigongwa na kufunguliwa, na miguu ikipita kwangu bila kupunguza mwendo. Nilianza kuandaa vikombe viwili jioni. Sikujua ninamwandalia nani. Nilikuwa naongea peke yangu kwa Kipsigis, kwa sauti, ili nisikie sauti tu, na nadhani hilo nalo lilisikika nje. Nikaamini ni ngozi yangu. Nikaamini ni Kiingereza changu, kwa sababu nikiwa na wasiwasi b inanitoka kama p, na siku moja darasani nilisema neno fulani likageuka nguruwe, watu wakacheka.

Muhula ulipokaribia kwisha, msichana mmoja wa ghorofa yangu, Philippa, alinikuta nikihangaika na mlango, mikono imejaa vitabu. Akanisaidia, akasema kwa upole kabisa, "Tunakuogopa, unajua. Unasoma mno. Mlango wako haujafunguka tangu ulipokuja."

Nikamwambia mlango huo nafunga kwa sababu ya baridi.

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. Ndipo akanieleza. Pale, mlango wa nje ukiwa wazi maana yake karibu. Ukifungwa maana yake nina kazi, au sitaki mtu, na hata nyumba ikiwaka moto mtu mstaarabu habishi hodi. Kila mtu alijua. Walijua kutoka kwa kaka zao, na baba zao. Hakuna aliyefikiri kwamba jambo kama hilo huambiwa mtu.

Chepkoech, nilicheka. Nilicheka mpaka Philippa naye akacheka. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, nikafikiria ile miguu yote iliyopita, kwamba kila mmoja alikuwa akiniheshimu.

Nikauacha mlango wazi, nikavaa sweta mbili. Wakaanza kuja. Na kwa kuwa nilikuwa Mwafrika pekee kwenye ngazi yetu, nikawa mtu wa kualikwa. Nilialikwa kwenye viglasi vya mvinyo mtamu kwa walimu, kupiga makasia mtoni, kula kwa wazazi wa Philippa wenye farasi. Nilijifunza haraka. Nilijua uma upi ni wa samaki, nilijua kuuliza habari ya hali ya hewa na kutosikiliza jibu. Na zaidi ya yote nilijua ule ustaarabu wa milango. Nilikuwa najivunia. Nikiona mlango wa nje umefungwa, ninapita kwa vidole, kama aliyezaliwa pale.

Chini yangu kidogo, kwenye kona ya ngazi, alikaa Gwen. Alitoka Wales, upande wa milima, watu wenye lugha yao wenyewe. Kiingereza kwake kilikuwa cha shule, kama kwangu. Baba yake alifuga kondoo. Alikuwa mwembamba, nywele rangi ya majani makavu, na alitembea karibu na ukuta kama mtu anayeogopa kulowa. Alikuja kwangu mara chache tu. Wengine walipoingia alisimama akaenda.

Ilikuwa Machi. Nilitoka kwenye chakula cha jioni na Philippa na wenzake, tumevaa majoho, tunacheka. Mlango wa Gwen ulikuwa umefungwa, wa nje. Nilipopita nilisikia kitu ndani. Kama kiti kinasogezwa. Kama mtu anavuta kiti ili ajishikilie. Nikasimama. Wenzangu wakaendelea kupanda.

Nilikuwa na mkono juu. Nataka ulijue hilo. Mkono ulikuwa juu, vidole vimekunjwa, na kule chuo cha mjini ningekuwa nimeshaingia na kumkalia miguu. Lakini nilijiambia: hapa hawabishi. Nikajiambia hivyo kwa Kiingereza. Nikapanda.

Kesho yake mchana mwanamke wa usafi alifungua kwa funguo zake. Gwen alichukuliwa akiwa hai, akafa hospitalini kabla ya jua kuzama. Homa ya uti wa mgongo. Daktari alituambia ni ugonjwa unaokimbia, na kwamba hata angeletwa usiku ule huenda asingepona. Huenda. Neno hilo nimelala nalo kitanda kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini, na baba yako katikati.

Sasa unajua kwa nini niling'oa komeo la chumba chako ulipokuwa kidato cha pili, na ukaninunia mwezi mzima, ukasema hata wafungwa wana siri zao. Unajua kwa nini watoto wa bweni shuleni wananiita jina lile wanalodhani silijui, kwa sababu nikiona mlango umefungwa nitagonga hadi niitikiwe. Ulikuwa na haki ya kununa. Mtoto anahitaji mlango. Sikuweza tu.

Lakini si hilo ninalokwepa ukiniuliza swali lako. Hilo ni mwanzo wake tu.

Wazazi wake walikuja kuchukua vitu. Baba mfupi, suti nyeusi iliyombana mabegani, mikono ya mtu wa kazi. Mama yake alivaa kofia na hakuivua. Sisi wa ngazi ile tulisaidia kubeba masanduku, na yalikuwa mepesi. Tulipomaliza, mzee alisimama chini ya ngazi akatutazama mmoja mmoja. Akauliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Nani kati yenu alikuwa rafiki yake?"

Watu walitazama viatu. Philippa alitazama viatu. Uso wa yule mzee ulianza kufanya kitu ambacho sikuweza kukiangalia.

"Mimi," nikasema.

Pasaka ilikuwa karibu na mimi sikuwa na pa kwenda. Wakaniomba niende nao. Nilikwenda, mwanangu. Nililala katika kitanda cha Gwen, nyumba ya mawe mlimani, mvua ikinyesha kila alasiri kama hapa kwetu. Nilipoamka asubuhi nilifikiri niko nyumbani, mpaka niliposikia kondoo.

Jioni ya kwanza, tumemaliza kula, mzee akaweka mikono mezani. "Sasa tuambie," akasema. "Alikuwa akiandika kwamba yuko salama na masomo ni magumu. Hakuandika kitu kingine. Tuambie alikuwa akiishi vipi huko. Alicheka na nani?"

Ningesema nini? Kwamba alitembea karibu na ukuta? Na pale pale, bila kupanga, nikawapa Wairimu.

Nikasema chumba cha Gwen kilikuwa kimejaa watu saa zote. Kwamba hakuna aliyebisha, tuliingia tu, huyu anataka kitana, huyu chumvi. Nikasema tuliketi juu ya kitanda chake akiwa amelala, tukapiga hadithi juu ya miguu yake. Mzee akaanza kutabasamu upande mmoja. Nikaendelea. Nikasema Jumamosi tulisukuma meza ukutani na Gwen ndiye aliyenifundisha kucheza dansi. Nikasimama nikaonyesha jinsi alivyonishika kiuno. Nikasema aliniambia, "Wacha kuhesabu, hii si hesabu." Nikasema alikuwa akiwaigiza wavulana mpaka msichana wa chumba cha tatu anakuja kuuliza kuna nini.

Mzee alicheka. Alicheka na machozi yakamshuka, akapiga meza na kiganja, akasema na mke wake kwa lugha yao. Mama hakucheka. Alikuwa akinitazama.

Kesho yake walikuja majirani na shangazi wawili. "Hebu waambie ile ya Jumamosi," mzee akasema. Nikawaambia. Siku ya Pasaka baada ya ibada, watu zaidi, na nikawaambia tena, na ilikuwa imekua. Nilikuwa nimeongeza siku polisi walipokuja, ila nikawafanya walinzi wa chuo, na Gwen ndiye aliyetutoa sote salama. Kila niliposimulia alinyooka zaidi, akawa na sauti kubwa zaidi. Kila mtu pale chumbani alimwona. Mimi pia nilimwona.

Hilo ndilo lililonipata, Chepkoech. Hakutoka tena.

Nilirudi Kenya, nikamaliza chuo, nikaolewa, nikaanza kufundisha. Na nikikumbuka chumba chetu cha mjini, chenye kitasa kibovu, Gwen yumo. Ameketi mwisho wa kitanda cha Wairimu, nywele zake rangi ya majani makavu, ameshika kitana. Hasemi neno. Nikijaribu kukumbuka Jumamosi fulani kama ilivyokuwa, namkuta amesimama karibu na ukuta wa bwalo, koti amevaa, anangoja aitwe. Nimewahi kusimama katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, na kusikia kiti kikisogezwa.

Wairimu tulikutana Nakuru, miaka michache iliyopita. Unajua baba yake alifunga duka la Kedowa mwaka ule wa fujo, watu wetu walipowafukuza watu wa kabila lake, wakahamia huko na vitu vilivyoenea kwenye pikapu moja. Sikuwa nimekwenda kumwona wakati ule, na niliogopa hatanipokea. Alinipokea. Alininunulia chai hotelini, tukaongea habari za zamani na akacheka kicheko chake kile kile, na nikaona aibu niliyoibeba safari nzima ikinitoka. Nikasema, "Na ile Jumamosi umeme ulipopotea, tukacheza gizani, mimi na wewe na Gwen."

Akaweka kikombe chini. "Gwen nani?"

Nikakoroga chai yangu.

"Chelang'at," akasema, "hatukuwa na Gwen yeyote." Kisha, polepole, kwa sababu yeye si mjinga, akanishika mkono, akauliza, "Ni nani huyo umemleta kwetu?"

Nilimweleza. Ndiye mtu wa kwanza. Wewe ni wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kitu ambacho bado nakipima. Alisema, "Basi angalau alicheza."

Ndiyo sababu siwezi kujibu swali lako. Nilichukua raha ya chuo kimoja nikaipeleka kuziba shimo la kingine, na sasa sijui mpaka uko wapi. Najua tu kwamba kule mjini niliudhika kila siku kwa watu kuingia bila hodi, na kule ng'ambo niliheshimiwa mpaka karibu nipotee. Huko unakokwenda, Amerika, sijui milango yao inasemaje. Kijitabu chako hakisemi. Wana yao, nina hakika, na kila mtu atadhani unaijua. Uliza. Uliza maswali ya kijinga, mapema, kabla hujaanza kujiundia sababu za watu. Na ukishajua desturi zao vizuri sana, uwe mwangalifu zaidi hapo.

Lakini sijamaliza habari ya Wales.

Asubuhi ya kuondoka, mzee alibaki na kondoo wanaozaa, na mama akanisindikiza hadi kituo cha basi. Ilikuwa mbali kidogo na tulitembea mvua ndogo ikinyesha. Alikuwa na kofia ile ile. Tulipofika, aliweka mfuko wangu kwenye benchi, akaupangusa maji kwa mkono, akasema bila kunitazama:

"Gwen hakucheza dansi. Sisi kanisani kwetu hatuchezi. Na hata angetaka, hakuweza kusimama mbele ya watu. Tangu mtoto."

Nikaanza kusema samahani. Akatikisa kichwa.

"Mume wangu anajua pia, nadhani. Ila jana amelala usingizi, mara ya kwanza tangu tuletewe habari. Kwa hiyo sitakulaumu." Kisha akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu. "Sasa niambie mimi kitu alichokifanya. Kimoja. Hata kiwe kidogo namna gani."

Basi nikamwambia. Nilimwambia kwamba Gwen alikuja kwangu jioni moja ya Februari nikiwa napika chai kwenye jiko dogo la gesi, chai ya kwetu, maziwa na majani vinachemka pamoja. Alisimama mlangoni akauliza ile ni harufu ya nini. Nikamkaribisha. Akaketi ukingoni mwa kiti, akashika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwona akitazama bakuli la sukari, nikamsogezea, akaweka vijiko vinne. Nikamtazama, akaona haya, akasema kwao angekatazwa. Nikamwambia hapa hakuna mtu wa kukukataza. Akacheka. Alikuwa na kicheko kidogo cha puani. Akamaliza chai, akaomba nyingine, akakaa mpaka kengele ya chakula.

"Vijiko vinne," mama akasema.

"Vinne."

"Nilimkataza kwa sababu ya meno." Aligeuka upande wa barabara. Mabega yake yalianza kutikisika, na nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka, kicheko kidogo cha puani. "Alicheka ulipomwambia hivyo?"

"Alicheka."

"Niambie tena. Alishikaje kikombe?"

Nikamwonyesha. Basi likaja tukiwa tumesimama hivyo, mimi nimeshika kikombe kisichokuwapo na yeye ananitazama vidole, na dereva alilazimika kupiga honi.

Kitu hicho nilikuwa nacho wakati wote, mwanangu. Siku zote zile mezani kwao, nikisimulia dansi na vicheko kwa shangazi na majirani, nilikuwa nacho, na sikukitoa kwa sababu nilikiona ni kidogo. Nilidhani msichana anayekunywa chai ukingoni mwa kiti si maisha ya kuwapelekea wazazi.

Utatuandikia. Najua jinsi barua hizo huandikwa, niliandika nyingi. Utasema uko salama na masomo ni magumu, na utaweka picha moja ambayo wote mnacheka. Baba yako ataipeleka kanisani na kuwaonyesha watu, na ni sawa, umpe ya kuonyesha. Lakini mimi uniandikie nyingine. Niandikie kwamba Jumapili ilikuwa ndefu na hakuna aliyekuja. Niandikie ulikula nini, ulikaa karibu na nani asiyekuongelesha, dirisha lako linaangalia wapi. Ukifurahi, nitajua ni furaha ya kweli kwa sababu utakuwa umeniambia na yale mengine. Sitapanda ndege kukurudisha. Sitaita mchungaji. Nitakaa hapa mezani nisome, basi.

Nasikia pikapu ya baba yako inapanda kilima, na wewe unacheka kitu alichosema. Lazima nimalize kabla hamjafika langoni. Nitakupa hii kesho mkononi, si begini, ili nikuone ukiichukua.

Usiniachie kazi ya kukubunia.

Mama yako,
Chelang'at